Nilikwenda Lamu kumtafuta baba wa babu: huduma ya mwalimu mstaafu wa Langoni

Kwetu tulikuzwa tukiambiwa kwamba baba yake babu alikuwa "mtu wa korja" kule Lamu. Mimi ni fundi cherehani, hapa Barani, Malindi, na korja naijua: ni vitambaa 20. Basi miaka yote nimejihesabu kizazi cha nne cha watu wa nguo. Nimewahi hata kumwambia mteja kwamba mkono huu nimeurithi.

Mwezi uliopita nilimlipa mwalimu mmoja mstaafu wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, anayefuatilia koo za watu, na nimerudi na babu mwingine kabisa. Ameniomba nisiandike jina lake. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu ambao wazee wao hawakuacha hati, nyumba wala nasaba ya kutundika ukutani.

Bei kwanza. Anatoza Sh2,000 kwa siku, nami nilichukua siku 3. Mafuta ya mashua ni juu yako, na hilo sikuambiwa mapema. Sh3,500 zilinitoka ambazo sikuzipangia. Ukimpata, muulize kabla ya kufunga safari.

Kazi yenyewe ilianza kabla sijapanda basi. Alitaka kuzungumza na mtu mkubwa kuliko wote katika ukoo, nikampigia simu nikiwa na shangazi, ambaye alimwahi mzee huyo akiwa mtoto mdogo. Nilitarajia aulize alikuwa mwana wa nani, mjukuu wa nani. Mwalimu akauliza: "Alikuwa akitoka nyumbani lini?"

Shangazi akasema, kwa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Bamvua ikiingia anaondoka, na hamwoni mpaka bamvua nyingine, pengine ya tatu.

"Na miguu yake ilikuwaje?"

Shangazi alinyamaza. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza jambo kama hilo. "Ilijaa makovu, mwalimu, kama mtu kaikata kwa wembe. Akituambia ni chaza."

Mwisho akataka kujua kilichobaki nyumbani kwa mikono yake. Kimebaki kichwa cha shoka, tunapasulia kuni mpaka leo. "Njoo nalo," akaniambia mimi.

Muuza vitambaa hasafiri kwa bamvua, wala chaza hawamkati miguu. Chaza, wale wa baharini wenye magamba makali, hushika kwenye mizizi ya mikoko. Na boriti za mikoko nazo, kumbe, huhesabiwa kwa korja, ishirini ishirini kama nguo.

Nilifika Mokowe, gati ya upande wa bara, mchana, nikavuka kwa boti. Siku ya kwanza Mwalimu alinipeleka zinakopangwa boriti, akanifundisha majina kwa kunishikisha: fito ndiyo nyembamba, kisha pau, kisha boriti yenyewe, na nguzo ndiyo nene. Alikuwapo mzee aliyekata mikoko tangu ujana wake. Nilimwamkia, nikampa shoka. Alilipitishia kidole gumba taratibu, akalipima mkononi, akasema mpini umebadilishwa na mtu asiyejua kazi, lakini chuma ni chenyewe, uso mwembamba wa kupenya baina ya mizizi. Hakuuliza ni la nani. Aliuliza, "Yeye alikuwa wa upande gani, wa Pate au wa huku?" Nikajikuta namjibu kama ninayemzungumzia mtu aliye hai.

Siku ya pili ndiyo ya mashua, na sasa nasema Sh3,500 zile zilistahili. Tuliingia horini, mkono wa bahari uingiao mikokoni, maji yakijaa, tukangoja yakupwe. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi: chombo kinaingia na maji, watu wanashuka topeni maji yakitoka, wanakata, wanabeba mabegani mpaka chomboni, wanangoja maji mengine yawatoe. Maji ya kunywa wamekuja nayo, na wanalala na mbu. Bamvua ndiyo huwafikisha ndani kabisa, kwenye miti mizuri. Nilishuka, tope likanimeza mpaka magotini, na ile mizizi yenye chaza ikanikwaruza kisigino. Nina alama ndogo. Nimefurahi kuwa nayo.

Jioni tukaingia nyumba kongwe ya mtaa wa Mkomani, kwa ruhusa, kutazama dari tu. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Urefu wa mti ndio uliomwambia mwashi ajenge vipi. Majahazi yalizipeleka boriti hizo hizo mpaka Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu, hadi Serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Nilisimama pale nimeinua shingo mpaka ikauma. Wenye nyumba hizo wanatajwa kwa majina yao yote. Waliobeba zile dari kutoka topeni, ni nani anayewataja?

Siku ya tatu alinikalisha barazani kwake tukaongea juu ya jina. Jina la baba wa babu lilikuwa la kito, la aina ya Feruzi au Almasi, na baada yake hapana ukoo. Alinieleza kwa upole mno, akinitazama kama naweza kuendelea, kwamba majina hayo walipewa sana watu waliotumikishwa. Utumwa ulikomeshwa kisheria pwani yetu mwaka 1907, na waliolipwa fidia ni mabwana. Kwa hesabu za shangazi, mzee wetu huyo alikuwa kijana wakati huo. Kisha tukatembea mpaka msikiti wa Riyadha, hapo hapo Langoni, akanionyesha mahali ambapo mwanachuoni Habib Swaleh aliwafungulia elimu watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka wakae nao darasani. Hakusema mzee wetu alisoma pale. Alisema tu kwamba mlango ulikuwepo.

Uaminifu huo ndio nampa alama zote. Daftari aliyonikabidhi ina sehemu tatu: aliyoyaona mtu, aliyoyasikia mtu, na tuliyoyakisia. Ukataji wa boriti uko katika ya kwanza. Utumwa ameuandika katika ya tatu, ingawa mimi nilitaka auhamishe. Alikataa. Kabla ya hapo nilikuwa nimetuma mate yapimwe vinasaba kwa kampuni moja ya ng'ambo, wakanirudishia ramani ya rangi rangi isiyo na mtu hata mmoja ndani yake.

Kasoro zake: anaandika kwa mkono, na mwandiko unasumbua. Hakuruhusu nirekodi wazee kwa simu, na hilo bado linaniuma, kwa maana sauti ya yule mzee wa boriti nimeikosa. Nyumba moja ilikataa kutupokea, naye hakusisitiza. Na kama unataka utafutiwe babu sharifu, usimwendee.

Nilimsomea shangazi daftari yote usiku ule ule niliorudi. Kwenye sehemu ya tatu aliniambia, "Soma tena," nikasoma tena. Asubuhi aliniita, amelisugua shoka kwa mchanga na ndimu. Halipasui kuni tena. Ameniagiza nilishonee mfuko wa turubai, mshono wa mara mbili, na ndio ninaoukata sasa.