Rangi ya modeli za magari kwa hewa ya Mombasa: ipi ununue, ipi uiache dukani

Tangu masika yaanze, simu yangu imejaa picha za modeli za plastiki za magari, zilizopauka. Kijana wa Likoni amenitumia Datsun 240Z ya kampuni ya modeli ya Hasegawa, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller: bodi nyekundu, boneti nyeusi. Nyekundu imemtokea vizuri ajabu. Boneti imegeuka kijivu, kama ubao wa darasani uliofutwa kwa kitambaa kichafu. Mwingine wa Kisauni ana Hiace ya Aoshima anayoigeuza matatu, na klia (tabaka la mwisho lisilo na rangi) aliyopuliza juu imeweka wingu. Wote swali lao ni moja: dada, nimeuziwa rangi feki?

Makopo nimeyaona, rangi ni halali. Kilichowaponza ni hewa ya huku kwetu, na waliowauzia hawakufungua mdomo. Ndiyo maana mwongozo huu hautagusa wingi wa rangi, wala ung'aavu wa kifuniko, wala kopo lipi linafunika kwa matabaka mawili badala ya matatu. Hayo yamejaa kila mahali. Mimi nataka kujua jambo moja tu kabla sijatoa pesa: rangi hii itafanya nini siku ambayo nguo nilizoanika asubuhi bado ni mbichi saa kumi jioni?

Huo weupe tuuite ukungu. Laka, rangi ya kukauka upesi, hukauka pale thina, yale maji ya kuyeyushia rangi, inaporuka. Thina ikiruka upesi hupoza pale ulipopaka, na hewa iliyojaa maji ikigusa mahali palipopoa, mvuke hugeuka matone madogo mno yanayonaswa ndani ya rangi kabla haijafunga. Mwanga ukipiga hapo hutawanyika, nawe unaona weupe. Kopo la kupuliza huzidisha balaa, kwa sababu gesi inayosukuma rangi nayo hupoa inapotoka. Likamate kopo baada ya kupuliza mfululizo, utasikia baridi mkononi hata kama umesimama kwenye jua la Bamburi. Mombasa asubuhi unyevu hupita asilimia 80 bila shida yoyote. Wanaofundisha kwenye video wako Marekani na Ulaya, shida yao ni gereji yenye baridi, kwa hiyo wanakwambia utie kopo kwenye maji ya vuguvugu. Wewe kopo lako limeshapikwa dukani.

Rangi nyeupe na ya fedha huficha ukungu. Nyeusi, buluu nzito na klia juu ya rangi nzito haziufichi. Ndiyo maana mtu anaweza kujenga magari meupe mwaka mzima akajiona fundi, halafu Mercedes moja nyeusi ikamvua nguo.

Ninayoipenda, na siombi radhi

Mr. Color ya GSI Creos, Japani. Chupa ya mililita 10, rangi ya laka, inapulizwa kwa eabrashi, kile kikalamu cha kupuliza rangi kwa hewa. Rangi yenyewe ni nzuri, lakini mimi sikuipendea rangi. Niliipendea thina yake iitwayo Mr. Leveling Thinner. Ndani yake tayari mna kitu cha kuchelewesha ukaukaji, kwa hiyo thina huondoka polepole, bodi haipoi ghafla, na rangi hupata muda wa kujilaza ikawa kama kioo. Changanya rangi moja kwa thina moja, au thina moja na nusu ukitaka tabaka jembamba, presha iwe kati ya psi 15 na 20. Chupa za thina huja za mililita 110 na za 400. Nunua ya 400. Ukinunua ndogo utaimaliza kwa kuoshea eabrashi, kisha utaanza kutafuta thina ya hadweya, na thina ya hadweya huila plastiki ya modeli ukiangalia.

Najua kuna watakaosema eabrashi na kompresa ya kuipa hewa ni gharama. Ni kweli. Lakini nimeona watu wakinunua makopo, wakivua rangi, wakinunua makopo tena, na hesabu yao mwisho wa mwaka hainiingii akilini.

Kwenye kompresa hapo nisikilize vizuri. Ile kompresa ndogo ya mezani inavuta hewa hii hii ya Mombasa, inaibana, inapasha moto, halafu hewa inapoa ndani ya mpira na maji yanajikusanya. Kama haina kichujio cha maji, siku moja itatema tone katikati ya boneti. Muuzaji atakuonyesha sindano, atakuonyesha vikombe vya ziada, atakuonyesha mkoba. Kichujio hakitaji. Kitake kwa jina. Kikiwa hakipo, mwambie akuuzie cha pembeni, na ukikifunga kiweke mbali kidogo na kompresa ili hewa iwe imepoa inapokifikia. Hewa ya moto hupita na mvuke wake. Ukishamaliza kazi, kifungue ukimwage maji. Usiwe unakisubiri kijae.

Ya pili, kwa tofauti ndogo

Tamiya LP. Hii nayo ni laka ya chupa ya mililita 10, na Tamiya wana thina yao ya laka aina mbili: ya kawaida na ile ya kuchelewesha ukaukaji. Hakikisha unachukua ya pili, maana chupa zinafanana na muuzaji atakupa iliyo karibu na mkono wake. Ukiikosa, LP inakubali Mr. Leveling Thinner bila ubishi wowote. Kijana wa Likoni, kwa boneti ya Datsun chukua LP-5, nyeusi yenye mng'ao wa nusu. Mimi naiweka ya pili kwa sababu ya mapenzi tu, sitakudanganya.

Usichanganye LP na zile chupa za Tamiya zenye herufi X na XF. Hizo ni akriliki, si laka. XF kwa viti na dashibodi ni tamu. Lakini X ya kung'aa, kwenye unyevu wetu, unaweza kuigusa ukidhani imekauka ikakuachia alama ya kidole mlangoni.

Makopo ya TS

Hapa ndipo wengi mlipo, na hapa ndipo picha za magari yaliyopauka zinapotoka. TS ya Tamiya ni laka kwenye kopo la mililita 100. TS-8 ni nyekundu ya Kiitalia, TS-14 nyeusi, TS-13 klia, TS-26 nyeupe. Rangi yenyewe ni safi. Tatizo ni kwamba huwezi kuongeza chochote ndani ya kopo, kwa hiyo kasi ya kukauka imeamuliwa kiwandani, na kiwanda hakikuwa kinamfikiria mtu wa Kisauni.

Ukiwa huna eabrashi, TS bado ndiyo bora kuliko kopo jingine lolote, ila kubali masharti. Puliza kati ya saa sita na saa tisa mchana, kwa sababu joto likipanda unyevu wa hewa hushuka. Nunua kipima unyevu kidogo cha mezani. Kikisoma juu ya 70, weka kopo chini ufanye kazi ya injini au viti. Kaskazi ikivuma, Januari na Februari, utakuwa na siku nyingi za kupuliza. Aprili na Mei utakuwa na chache sana. Mikono iwe mifupi na myepesi, upumzishe kopo katikati lisipoe. Chumba chenye eisii hukausha hewa na kweli kinasaidia, lakini mvuke wa laka ndani ya chumba kilichofungwa ni sumu, na barakoa ya korona haiuzuii. Vaa ile ya vichujio vya kaboni.

Mwenye eabrashi tayari lakini anapenda rangi za TS ana njia ya mkato: puliza rangi polepole ndani ya kikombe kupitia mrija, iache itulie hadi gesi iishe kutoka, ongeza Mr. Leveling Thinner, halafu ipake kwa eabrashi. Ukungu unapungua kabisa. Usifunike kikombe mapema, gesi itairusha rangi hadi darini.

Zilizobaki, haraka haraka

Rangi ya magari ya kweli, inayochanganywa na mafundi kwa namba ya rangi ya gari, inakupa Toyota yenye rangi ile ile ya Toyota. Lakini ni lazima uweke praima nzuri, rangi ya msingi, kwanza, maana thina yake huyeyusha plastiki. Na ile klia ya vitu viwili, ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, usiipulize nyumbani kwenye watoto. Ina isosianeti, ambazo huharibu mapafu.

Enameli, rangi za mafuta, za Humbrol na Revell, vile vikopo vya mililita 14, hukauka polepole mno hivi kwamba ukungu hauzipati. Vumbi linazipata. Zipake kwa brashi kwenye vitu vidogo, na usipulize laka juu ya enameli, itakunjamana.

Vallejo ya Hispania ni ya maji, haina harufu kali, na kwa sura ya dereva au sakafu ya gari naitumia. Kwa bodi inayong'aa, hapana. Tepu ya karatasi inaibandua.

Makopo ya bei rahisi ya hadweya: ya kupakia geti.

Sasa niseme na wauzaji

Kuna duka mjini, silitaji, lilimuuzia msomaji wangu kopo la PS akiwa ameomba TS, likamwambia ni kitu kimoja. PS imetengenezewa bodi za polikaboneti za magari ya rimoti, na hupakwa kwa ndani. Kwenye plastiki ya modeli haishiki sawasawa, inang'oka. Herufi mbili tu, na ziko mbele ya kopo kwa wino mkubwa. Alipolirudisha akaambiwa ameshalifungua.

Kuna na wanaogawa thina kutoka chupa kubwa na kuitia kwenye chupa za maji ya kunywa, bila lebo, wakiapa ndiyo Leveling. Huwezi kuijua kwa macho. Ukaukaji wa polepole ndio unaoulipia, nao hauonekani hadi uharibu gari. Mimi chupa isiyo na kifuniko cha kiwanda siinunui, hata kama muuzaji ni jirani.

Halafu wanayapanga makopo dirishani yapendeze, jua la saa nane likiyapiga, wakati kopo lenyewe limeandikwa lisipate joto la kuzidi digrii 50. Omba lililo nyuma, kwenye rafu ya ndani.

Bei ndiyo inayonichoma zaidi. Makopo ya kupuliza hayaruhusiwi kusafirishwa kama kifurushi cha kawaida cha ndege, kwa sababu yana gesi inayowaka, kwa hiyo mengi huja kwa meli. Meli inatia nanga wapi? Kilindini. Tunaiona ikipita tukiwa tumekaa Lighthouse na mihogo yetu. Ukimuuliza muuzaji, atakwambia mzigo uko Nairobi, subiri uteremshwe, na nauli ya kuuteremsha iko juu yako. VAT ya asilimia 16 naielewa. Kulipia rangi nauli ya kwenda na kurudi kwenye bandari yake mwenyewe, hiyo sijapata wa kunieleza ikanikaa. Ndiyo sababu nyingine nazipenda chupa: watu kadhaa mkiungana mkaagiza kwa pamoja na mzigo wa baharini, chupa 30 zinaingia kwenye kikatoni kidogo, na hamumtegemei mtu.

Kijana wa Likoni, usivue rangi bado. Ngoja mchana mkavu, weka Mr. Leveling Thinner tupu kwenye eabrashi ya rafiki yako, puliza vumbi jepesi juu ya ile boneti kutoka mbali kidogo. Rangi italainika, maji yatatoka, weusi utarudi. Usikaribie sana, itachuruzika.

Na wewe wa Hiace, mstari wa manjano ambao matatu zetu zinao tangu kanuni za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zianze kutekelezwa mwaka 2004, usiupake mwisho juu ya bodi ya buluu. Manjano ni dhaifu, itageuka kijani. Paka nyeupe bodi nzima, kisha manjano kwenye mkanda, LP-8 au Mr. Color namba 4, iache ikauke hadi kesho yake, ifunike kwa tepu ya Tamiya, na buluu ije juu. Tepu ya hadweya huvujisha rangi pembeni, na kwenye mstari wa milimita chache kila mtu ataona.