Wakala wa ajira au ofisa ajira wa kampuni?

Wakala hulipwa na mwajiri pale mtu anapoajiriwa, mara nyingi kwa asilimia ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Ndiyo maana ana haraka, na ana nafasi za kampuni kadhaa mkononi. Ofisa ajira wa ndani ana mwajiri mmoja tu. Akikukataa hana pengine pa kukupeleka, lakini anamjua meneja atakayekuhoji na anaweza kukudokeza anachotafuta hasa.

Balaa kubwa liko kwa mawakala: CV moja kufika kampuni ileile kupitia wawili. Hapo wanagombania ada, na mwajiri, ili kukwepa mzozo, anaweza kukuacha. Kabla CV haijatumwa, uliza jina la kampuni na cheo, kisha jibu kwa maandishi: “Nakuruhusu unipeleke kwa nafasi hii tu.” Weka tarehe kwenye jedwali lako la maombi ya kazi. (Wakala anayekudai wewe ada, achana naye.)

Mshahara? Wakala mtajie mapema kiwango ambacho hushuki chini yake. Ofisa wa ndani muulize kwanza bajeti ya nafasi. Kimya kikizidi wiki, barua pepe fupi inatosha kwa yeyote kati yao.