Mgahawa wa sato Kirumba: saa mbili usiku hapa watu husikiliza

Mimi ni mnunuzi wa dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza. Jioni nikishafunga hesabu sina nguvu ya kupika, ndiyo maana tangu 2011 nakula kwenye mgahawa huu mdogo wa njia ya kutokea mwaloni.

Sato wao ni wa siku hiyohiyo. Anachanjwa, anapakwa chumvi na ndimu, anakaangwa mpaka mapezi yanakatika kwa vidole. Wiki iliyopita nililipa 9,000 pamoja na mchicha na ugali wa udaga wa muhogo, laini, usio na uchachu uliopitiliza. Sangara wanamkausha mno, simpendekezi.

Lakini kinachonirudisha ni televisheni. Rimoti inakaa kwenye mfuko wa aproni ya mama mwenye mgahawa. Ikifika saa mbili kamili muziki unazimwa, taarifa ya habari inaongezwa sauti, na hata anayetaka kulipa husubiri muhtasari uishe. Juzi kijana mmoja alimwomba, “Mama, tuwekee mpira kidogo.” Akamjibu, “Mwanangu, huyu anaongea na sisi. Mpira utaukuta.”

Mwaka 2013, mitambo ya analojia ilipozimwa Mwanza, mama huyu alinunua king'amuzi kabla hajanunua friji. Alikuwa haikosi Dira ya Dunia, taarifa ya habari ya Kiswahili ambayo BBC waliileta kwenye televisheni mwaka 2012 na sisi tukaipata kupitia Star TV, kituo cha hapahapa Mwanza. Hapo ndipo nilipomzoea mtangazaji wake, Salim Kikeke. Marehemu baba yangu, aliyelelewa na sauti ya Tido Mhando redioni, alimtazama siku mbili tu akasema: “Huyu anajua pa kupumulia.” Kweli kabisa. Kikeke alikaa BBC takribani miaka 20, hadi 2023, na kwangu ukubwa wake ulikuwa kwenye majina: jina la mji wa mbali alilitamka taratibu, kana kwamba ndugu wa mtu wa huko yupo anasikiliza. Habari ya msiba ilimshusha sauti bila kumtia maigizo. Akifika kwenye soka uso mzima ulifunguka. Mtangazaji mwenzake Zuhura Yunus naye nilimpenda kwa utulivu wake, na alipoondoka kwenda Ikulu mwaka 2022 kuongoza mawasiliano ya Rais, meza yetu ilibishana usiku kucha nani atavaa viatu vile.

Kwa nini naandika haya kwenye habari za mgahawa? Kwa sababu ya Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Nusu ya waliokuwa wamekaa hapo walikuwa na watu wao Ukerewe. Msomaji, simkumbuki alikuwa nani, alitaja idadi ya waliopatikana, akanyamaza kidogo, ndipo akaendelea. Ule ukimya wake mfupi ulitutosha kushikana mikono. Hakuna aliyemaliza sahani yake, na mama hakumdai mtu hata shilingi.

Huduma ni ya polepole kati ya saa mbili na saa mbili na nusu, hilo lijue kabla hujaja na watoto wenye njaa. Agiza mapema, saa moja na robo hivi. Kaa upande wa ukutani, feni inafika huko na kioo cha televisheni unakiona vizuri. Umeme ukikatika wana betri ya televisheni na taa moja.