Lenzi ya sonara ya 10x kwa anayejifunza kutambua nyungunyungu: nunua, ila achana na ile iliyochongwa 30x

Wafugaji wa nyungunyungu wa mboji hukutana zaidi na aina hizi: Eisenia fetida na nduguye Eisenia andrei, Eudrilus eugeniae mwenye asili ya Afrika Magharibi, na Perionyx excavatus wa Asia. Mara nyingi wote huuzwa kwa jina moja tu, "minyoo wekundu". Mkulima wa Limuru au Njombe akipewa Eudrilus, anayependa joto la nyuzi 25 hadi 30, sanduku lake litadorora msimu wa baridi na hatajua sababu. Ndiyo maana kifaa cha kuwatofautisha kina thamani kubwa.

Lenzi ndogo ya kukunja, ile ya masonara ya kukagulia vito, inaiweza kazi hii, ambayo hasa ni kuhesabu pingili, yaani vipande vilivyopangana kuunda mwili wa mnyoo. Chagua ya 10x, yaani inayokuza mara kumi, kipenyo cha milimita 18 hadi 21, yenye vioo vitatu vilivyounganishwa. Ya plastiki yenye kioo kimoja huonyesha vizuri katikati tu. Pembeni pingili hupinda na kufifia, na hapo ndipo hesabu inapopotea.

Kasoro kubwa ya bidhaa hizi ni namba zilizochongwa juu yake. Lenzi nyingi za bei nafuu zinazodai 30x, hasa zenye kioo kipana, zikipimwa hazifiki hata nusu ya hapo. Kupima ni rahisi. Ukiwa mita chache kutoka dirishani, sogeza lenzi mbele ya karatasi nyeupe mpaka sura ya dirisha ionekane wazi juu ya karatasi. Pima kwa rula umbali wa lenzi na karatasi, kisha gawanya 250 kwa milimita ulizopata. Milimita 25 ni 10x. Ya 30x ya kweli ingetoa milimita 8 hivi, na hata hiyo haimfai anayeanza: uso wako unaziba mwanga, na unaona pingili chache mno kwa wakati mmoja.

Taa ya LED iliyofungwa pembeni ya baadhi ya lenzi hizi ni ya kuzima. Ngozi yenye majimaji hurudisha mwanga wake kama kioo na alama zote zinapotea. Kausha mnyoo taratibu kwa karatasi laini, mlaze kwenye kifuniko cheupe, elekeza tochi kutoka ubavuni. Vivuli vya vinywele vyake vitajitokeza. Lenzi iguse nyusi zako, na kifuniko ndicho kisogee kuifuata.

Mnyoo hai hujinyoosha na kujikunja, basi hesabu haikai. Mlaze dakika chache kwenye sehemu 1 ya spiriti ya vidonda ya 70% isiyo na rangi na sehemu 6 za maji, yaani 10% hivi, kisha mhamishie kwenye spiriti ileile ya 70% isiyozimuliwa. Andika rangi zake kabla, kwa sababu spiriti huzififisha.

Sasa hesabu. Kile kinundu kilicho mbele ya mdomo si pingili. Pingili ya 1 ni ile inayozunguka mdomo. Mikunjo ya ngozi hudanganya sana: kuanzia ya 2, pingili halisi ina vinywele, mkunjo hauna. Gusa kila moja kwa ncha ya kijiti cha meno. Kwa Eisenia kuna nanga nzuri, matundu ya kiume, yanayotoa mbegu, yaliyo pingili ya 15. Endelea kutoka hapo hadi mkanda, ile sehemu iliyovimba ya mnyoo aliyekomaa, ambao huanza kati ya ya 24 na 26 na kuishia karibu na ya 32, ukiwa umekaa mgongoni kama tandiko. Kwa Eudrilus mkanda uko mbele zaidi, ya 13 au 14 hadi ya 18. Perionyx naye ni ya 13 hadi 17, kwa hiyo mkanda peke yake hauwatenganishi hawa wawili. Tazama vinywele: Eudrilus ana vinane kwa kila pingili, viwili viwili, Perionyx ana vingi vilivyoizunguka pingili nzima kama pete. Hapa ndipo lenzi inapolipa gharama yake, maana kwa macho matupu pete hiyo ni rahisi kuikosa.

Mnyoo asiye na mkanda bado mchanga. Mweke kando, hakuna lenzi itakayokusaidia. Vilevile E. fetida na E. andrei hutenganishwa kwa rangi tu, wa kwanza akiwa na michirizi ya njano kati ya pingili na wa pili mwekundu mwili mzima. Uhakika kamili unatokana na kipimo cha DNA. Ukiandika "Eisenia" peke yake kwenye lebo, umeandika sahihi.

Kamasi ikigusa kioo, ioshe kwa maji kabla haijakauka, ndipo ufute. Kufuta kavu huburuta chembe za udongo na kukwaruza kioo.