Tawi la Malindi: walimu sina neno, ila hiyo kampasi kuu!

Jina la chuo silitaji, ila hasira bado ninazo. Mimi mtu wa Lamu, nilichagua tawi la Malindi kwa sababu moja tu, pesa. Kampasi kuu iko Nairobi, huko ningepanga chumba, nile hotelini, nipande matatu kila siku, na Malindi nina shangazi mtaa wa Muyeye nalala bure nakula bure, HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, ikiingia yaenda kwa karo yote. Likizo nashika basi mpaka Mokowe, navuka na boti, jioni niko kwa mamangu.

Na walimu wa hapo jamani sina neno. Darasani hatukufika thelathini, lekchara akujua kwa jina, ukikosa wiki mbili anapiga simu kuuliza kulikoni.

Sasa mwaka wa mwisho nafungua potali naona yuniti moja ya mwaka wa pili haina alama. Mtihani nilifanya, nikasaini, hata nilipokaa napakumbuka. Ofisi ya tawi wanasema rekodi ziko kampasi kuu. Kampasi kuu simu haishikwi, siku imeshikwa naambiwa "njoo mwenyewe." Nikakopa nauli kwa shangazi, basi la usiku, Malindi Mombasa Nairobi, kilomita kama 600, nimefika miguu imevimba, nikapanga foleni mpaka saa sita. Yule dada wa dirishani macho hakuyatoa kwa simu yake, akanambia, "Nyinyi wa matawi mna shida sana, rudi kwa tawi lako." Nikamwambia dadangu, nimetoka Malindi. Akasema, "Kwani mimi ndio nilikutuma?"

Wallahi nililia pale pale kwa ngazi. Alama ni kitu kimoja, lakini neno lile, nyinyi wa matawi! Cheti si kina jina lile lile? Kama tawi haliwezi kurekebisha alama moja walilifungua la nini, wamesogeza madarasa kwetu funguo wakabaki nazo Nairobi. Mahafali yakanipita, wenzangu wamevaa majoho mimi nahesabu miezi, maana HELB ukimaliza masomo wanakupa mwaka mmoja halafu wanaanza kudai.

Hapo niliapa kila nitakayemuona nitamwambia asikanyage. Lakini aliyeniokoa ni nani? Lekchara wa hapo hapo Malindi, alikuwa amehifadhi nakala ya karatasi za alama kabatini kwake tangu mwaka ule, akaitoa, akaituma kwa mkuu wa idara, na kila Jumatatu akawapigia mpaka alama ikaingia. Hata soda hakuitisha.

Mdogo wangu amemaliza fomu foo, ananiuliza aende wapi. Nimemwambia kabla hujalipa chochote ingia ofisini uwaulize, alama zikipotea zinarekebishwa wapi? Wakikwambia Nairobi, basi tafuta pengine. Au sijui, nenda tu, mradi yule mwalimu bado yupo.