Antivairasi ya bure kwenye kompyuta ya nyumbani: uzoefu wangu na Microsoft Defender

Kompyuta yetu ya nyumbani, hapa Nkuhungu jijini Dodoma, ni ya mezani, ina RAM ya GB 4 na inatumia Windows 10. Mimi huandikia hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mwanangu anayesoma chuo hufanyia kazi zake za kozi, na jirani akikwama na barua ya maombi ya kazi huja nayo kwenye flashi. Kwa matumizi ya namna hii sikuona sababu ya kulipia antivairasi kila mwaka. Nilianza na programu ya bure ya kampuni moja ya nje, kisha nikaiondoa na kubaki na Microsoft Defender, ambayo huja ndani ya Windows 10 na Windows 11 bila malipo.

Ile ya kwanza ilikuwa inakamata virusi vizuri, na sina sababu ya kuificha sifa hiyo. Kilichonichosha ni matangazo. Mara kwa mara dirisha lilijitokeza kwenye kona ya chini ya skrini likisema kompyuta iko hatarini, na ukilifuatilia unakuta hatari yenyewe ni kwamba hujanunua toleo la kulipia. Katika nyumba yenye vijana hilo si jambo dogo, kwa sababu mtu akishazoea kufunga tahadhari za uongo, siku ya tahadhari ya kweli ataifunga pia. Tena, programu ya bure lazima mwenyewe apate fedha mahali fulani: mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitaka kampuni ya antivairasi ya Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa sababu kumbukumbu za tovuti walizotembelea watumiaji wake zilikuwa zimeuzwa kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Siyo programu niliyokuwa nayo mimi, ila tangu hapo nasoma masharti kabla ya kubofya "nakubali".

Kipimo halisi cha antivairasi kwa mazingira yetu ni flashi. Ukitoka kuprinti kwenye steshenari yenye wateja wengi, ambako flashi za watu wote hupita kwenye mashine moja, unarudi nyumbani na kirusi kile kinachoficha mafaili yako na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Defender haikagui flashi nzima pale unapoichomeka; hukagua faili linapofunguliwa. Kwa hiyo hapa kwetu utaratibu ni kwamba kabla ya kufungua chochote, mtu hubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya flashi, huchagua agizo la kuikagua kwa Defender, kisha husubiri. Imekuwa ikikiona kirusi hicho na kukiweka karantini bila kuniuliza maswali mengi.

Hata hivyo, kukiondoa kirusi hakuyarudishi mafaili yaliyofichwa, na hapo ndipo watu wengi hudhani kazi yao imepotea na kuifomati flashi. Mafaili huwa bado yamo. Mimi hufungua dirisha la maagizo (Command Prompt) na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (herufi E hubadilika kulingana na jina ambalo kompyuta imeipa flashi), na folda zote hujitokeza. Jirani yangu alikuwa ameshakata tamaa na wasifu wake wa kazi, na agizo hilo moja lilimrudishia kila kitu.

Kuna kinga nyingine ambayo Defender inayo lakini huja ikiwa imezimwa, nayo ni ile inayozuia programu isiyojulikana kubadilisha mafaili kwenye folda zako za nyaraka na picha. Imewekwa ili kuzikabili programu hasidi zinazofunga mafaili na kudai malipo. Niliiwasha, na ina usumbufu wake: mara moja moja huizuia programu halali kuhifadhi kazi, ikabidi uiruhusu wewe mwenyewe. Naona usumbufu huo unavumilika kuliko kupoteza daftari la wanakikundi.

Kuhusu bando, masasisho ya kila siku si mzigo mkubwa. Anayetumia hotspoti ya simu na ameiwekea Windows alama kwamba intaneti yake ni ya kupimwa (metered), afungue Defender na kubofya kitufe cha kusasisha mwenyewe, vinginevyo inaweza kubaki nyuma. Ukaguzi kamili ndio unaoielemea mashine yenye RAM ndogo. Mimi huuacha ufanyike wakati wa chakula cha usiku.

Mahali ambapo hakuna antivairasi itakayokusaidia ni pale unapoizima kwa mkono wako. Fundi wa duka moja mjini, alipokuja kutuwekea programu za ofisi zisizo na leseni, alitaka kwanza tuzime Defender kwa maelezo kwamba "inasumbua". Nilikataa, nikaweka LibreOffice, ambayo ni ya bure kihalali na inafungua nyaraka za Word na Excel tunazoletewa.

Dosari ninayoiona sasa haiko kwenye Defender bali chini yake. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa imesema taarifa za virusi vipya zitaendelea kuifikia Defender hadi mwaka 2028. Taarifa hizo hazizibi matundu ya Windows yenyewe. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, mwezi Machi mwaka huohuo, na kiliwapata wale ambao hawakuwa wamekiweka. Prosesa ya kompyuta yetu ni ya zamani mno kwa Windows 11, kwa hiyo tumeshaanza kuchanga fedha za mashine nyingine, na kwa sasa hesabu za kikundi nazinakili kila wiki kwenye diski ya nje ambayo haikai imechomekwa.