Pikipiki ya theluji yenye injini iliyonoki: itengenezwe au iuzwe kama ilivyo?

Ndugu watazamaji, habari za wakati huu. Chombo mnachokiona nyuma yangu, juu ya mbao mbili ndani ya gereji yangu hapa Minnesota, ni pikipiki ya theluji (snowmobile), ile inayoteleza kwa skii mbele na kusukumwa na mkanda nyuma, iliyokwishatumika, yenye injini ya cc 600, silinda mbili, kabureta mbili, ya kupozwa kwa maji, na niliinunua kwa dola 700 baada ya mwenyewe kuniambia wazi kwamba injini imenoki. Swali ninaloulizwa kila siku na ndugu zetu waliokwisha kuzoea baridi ya huku ni kama chombo cha namna hii kinafaa kutengenezwa au kuuzwa kama kilivyo. Nitalijibu kwa kuifungua injini mbele yenu, kwa sababu naamini kabisa kwamba jibu halitokani na bei ya pistoni. Linatokana na kujua kilichoiua.

Kwa aliyekulia pwani kama mimi, injini hii si ngeni. Ni ya mipigo miwili, jamaa ya zile mashine za boti ambazo wavuvi wa Tanga na Pemba huchanganya oili na petroli kwenye dumu kabla ya kwenda baharini, isipokuwa hapa oili ina tangi lake na pampu yake. Petroli, hewa na oili hupita kwanza ndani ya kasha la kranki, yaani la mhimili unaozungushwa na pistoni, kisha hupanda kwenye silinda, na petroli hiyo, mbali na kuungua, husaidia kuipoza pistoni. Hewa ikizidi na petroli ikapungua, joto hupanda, pistoni ya alumini hutanuka kupita nafasi iliyoachiwa, ikaanza kusagana na ukuta wa silinda. Baridi yenyewe huongeza hatari, kwa kuwa hewa ya nyuzi 25 chini ya sifuri ni nzito, na kabureta iliyopangwa kwa siku ya vuguvugu hujikuta inatoa petroli pungufu bila dereva kujua.

Nilianza na kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ambayo pistoni inabana hewa ndani ya silinda. Nilitoa plagi zote mbili, nikabana akseleta hadi mwisho, nikavuta kamba ya kuwashia mpaka mshale wa geji ulipoacha kupanda. Silinda ya kulia ilisoma psi 125 (psi ni kipimo cha shinikizo), ya kushoto ikaishia 60, ilhali mafundi wengi hutaka tofauti kati ya silinda mbili isizidi asilimia 10. Watu wengi huishia hapo, wakaagiza pistoni mpya, wakaifunga injini na kurudi porini, na baada ya safari moja au mbili pistoni hiyo mpya inaungua kama ile ya kwanza. Geji inakwambia kwamba mgonjwa yu hoi, lakini haitaji ugonjwa.

Sasa nimeondoa kichwa cha silinda na silinda zenyewe, na naomba mtazame pistoni hii kwa karibu. Mikwaruzo iko upande mmoja tu, upande wa kutolea moshi, na alumini imeyeyuka ikaifunika ringi mpaka imenasa kwenye mfereji wake. Mikwaruzo ingekuwa katika pembe nne, ningesema dereva aliikimbiza injini kabla haijapata joto, pistoni ikatanuka upesi kuliko silinda. Ingezunguka pistoni yote, ningeishuku pampu ya oili. Hii ya upande wa moshi peke yake ni alama ya joto kali lililotokana na uhaba wa petroli, na uhaba huo lazima uwe na mlango wake.

Nilianza kwa kusafisha kabureta, nikakuta vijitundu vyake viko wazi. Hapo nikaziba njia ya hewa na njia ya moshi, nikajaza upepo ndani ya injini hadi psi 6, nikapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Sili za kranki hazikutoa kitu. Lakini nilipoushika mpira unaounganisha kabureta ya kushoto na injini, nikaukunja kidogo kama unavyokunjwa na mtikisiko wa safari, ufa mwembamba kama unywele ulifunguka chini yake, mahali ambapo jicho halifiki, na mapovu yakatoka mfululizo. Mpira huo, ambao jozi yake niliipata kwa dola 60, ndio uliokuwa ukiingiza hewa ya ziada na kuichoma pistoni. Nilifurahi sana kuuona, kwa maana bila ufa huo nisingethubutu kuitengeneza injini hii wala kumshauri mtu aitengeneze.

Kilichobaki ni silinda na kranki. Silinda hizi ni za alumini iliyopakwa ngozi nyembamba ya nikeli na silikoni kabidi, kwa hiyo si kama zile za chuma ambazo fundi huzichonga na kuzivalisha pistoni ya saizi inayofuata. Alumini iliyoganda ukutani huweza kuondolewa kwa asidi, kwa uangalifu mkubwa, ikiwa ngozi ya chini bado nzima. Pitisha ukucha polepole: ukiteleza, silinda inaokoleka, ukikwama, inahitaji kupakwa upya. Wangu umekwama sehemu moja, chini ya tundu la moshi. Kranki nimeizungusha taratibu nikisikiliza, nikavuta kila mkono wa pistoni juu na chini, na sikuhisi kulegea wala mkwaruzo, na beringi hazina kutu.

Basi tupige hesabu. Pistoni mbili pamoja na ringi zake ni dola 210, kwa sababu sikubali kubadilisha moja na kumwacha mwenzake aliyetumika saa zile zile. Gasketi ni 70, kupaka silinda moja 280, mipira 60, na sili mpya za kranki 40, jumla dola 660. Ukiongeza bei ya kununulia unafika 1,360, wakati pikipiki za aina hii zinazotembea vizuri huku kwetu nimeziona zikiuzwa kati ya 1,800 na 2,000. Kama kranki ingekuwa imekufa, nilitajiwa dola 500 za kuijenga upya, nami nisingeigusa. Ningeuza klachi, skii na mkanda wa kutembelea kimoja kimoja, maana spea hizo zina wateja wake, hasa mwezi Septemba kwenye Hay Days, maonyesho ya pikipiki za theluji huko North Branch, hapa hapa Minnesota.

Kwa hiyo, kama nia yako ni biashara pekee, faida ya dola mia nne hadi sita kwa wikiendi kadhaa za kazi ni ndogo, na nakushauri uiuze kama ilivyo, mwanzoni mwa msimu wa baridi badala ya Aprili, ukiandika kwenye tangazo kipimo cha kila silinda na kuweka picha ya pistoni iliyoungua. Kumficha mnunuzi ufa kama ule ni kumwacha mtu akwame juu ya ziwa lililoganda, usiku, mbali na watu. Hakikisha pia unamkabidhi kadi ya usajili wa jimbo uliyoitia sahihi.

Mimi nitaitumia mwenyewe, kwa hiyo naitengeneza. Silinda ya kushoto inaondoka kesho kwenda kupakwa, na itakaporudi nitaifunga, nitaijaza upepo tena na kuipaka sabuni mbele yenu kabla sijatia tone la petroli.